Mkono wa Yakobo

Siku Kinanda alipoingia kwenye sanaa, alikuwa anakimbia mvua. Alijibanza kibarazani pa duka moja la fremu, viatu vimelowa chepechepe, anafikiria kesho atakula kwa jasho la nani.

Jina la Kinanda alipewa na mji. Ulimi wake ulitoa wimbo wowote uliotakiwa: wa msiba kwa wafiwa, wa shangwe kwa maharusi, na wa kubembeleza kwa yeyote mwenye pochi. Lakini wiki ile biashara ilikuwa imelala. Dawa yake ya kuotesha nywele ilikuwa imemwotesha mteja mmoja vipele kichwa kizima, na kwa bahati mbaya mteja huyo aliwahi kuwa bondia.

Ndani ya duka mtu akafoka.

"Lakini hii ni karatasi!"

Kinanda akachungulia. Aliyefoka ni Mzee wa Mabati, mwenye ghala la mabati, misumari na saruji kule barabara kuu. Mzee huyu alikuwa amejenga nyumba yenye sebule kubwa hata wageni waliokaa kochi la huku na la kule walilazimika kupaza sauti kusalimiana. Ukuta mmoja wa sebule hiyo ulikuwa bado mtupu, na utupu huo ulikuwa unamnyima mzee usingizi.

"Ni chapa, mzee," fundi fremu alimjibu kwa upole. "Picha yenyewe iko ng'ambo, kwenye jumba la makumbusho. Aliyeichora alikufa zamani za mababu wa mababu."

"Hakuchora nyingine kama hii?"

"Huenda. Wakubwa wale kitu kimoja walikichora hata mara tatu. Nyingine zilipotea."

"Zilipotelea wapi?"

"Mzee wangu, zingekuwa na anwani tusingesema zimepotea."

"Sikiliza. Jirani yangu ana karatasi ukutani. Nami nikiweka karatasi, nimemzidi nini? Mimi nataka ya kweli." Akafungua mwavuli na kuondoka, hakumwona hata kidogo yule bwana aliyejibanza mlangoni huku macho yakimwaka kama taa za gari.

Kinanda akaingia kuitazama hiyo karatasi. Ilikuwa picha ya Isaka kipofu, kainuka nusu kitandani, anapapasa mkono wa mwanawe Yakobo. Yakobo kafungwa ngozi ya mbuzi mkononi ili afanane na kaka yake Esau, aliyejaa malaika. Malaika wa mikononi, vile vinyweleo, si wa mbinguni. Nyuma ya pazia mama yao Rebeka kaweka kidole mdomoni. Kinanda akasogea karibu. Familia nzima ya wajanja, na imo kwenye Maandiko! Alihisi kama mtu aliyekutana na ndugu zake ugenini.

Sasa, kughushi picha kunahitaji mchoraji, na mchoraji ana tabia mbili mbaya: anataka malipo, na anauliza maswali. Mtu mwingine angekatia tamaa hapo hapo. Kinanda akawaza hadi mvua ikakatika, na ilipokatika alikuwa amepata jibu. Duniani kote watu humlipa fundi. Yeye angetafuta mafundi wa kumlipa yeye.

*

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo na kuta za mtaa: JIFUNZE KUCHORA KWA RANGI ZA MAFUTA KAMA WAKUBWA WA ZAMANI. MWALIMU AMESOMA NJE. Hilo la nje halikuwa uongo. Shule aliyosoma Kinanda ilikuwa haina madarasa ya kutosha, na wao walisomea nje.

Chumba kilipatikana juu ya dobi, kimejaa mvuke wa pasi na harufu ya sabuni. Wanafunzi walikuja watatu. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno, mtu mnene mwenye vidole vyepesi. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye alipiga picha nzima miraba kabla hajagusa rangi. Wa tatu alikuwa Mama Poda, mpambaji wa maharusi, mwanamke wa makamo anayesema kidogo na kuona vingi. Alikuwa amefiwa na mumewe mwaka uliopita, akachoka kurudi nyumba yenye kiti kitupu.

"Mkataba wa chumba tuuandike kwa jina lako, dada yangu," Kinanda alimwambia siku ya kwanza. "Msanii akigusa karatasi za serikali mkono unakuwa mzito."

Kinanda alikuwa na sababu zake. Jina lake alikuwa haliachi popote, kama vile mwizi wa kuku asivyoacha manyoya. Mama Poda akatia sahihi.

Kufundisha usichokijua ni kazi, lakini si ngumu kama inavyodhaniwa. Kinanda alikuwa amesoma kurasa chache za kitabu kilichochanika, akapata maneno matatu: tabaka, kivuli na tapentaini. Yalipokwisha hayo, alirudisha swali kwa mwenyewe.

"Mwalimu," Mama Poda aliuliza, "kivuli hiki cha shingoni nichanganye na nini?"

"Wewe shingo ya bibi harusi ukiitia kivuli unachanganya na nini?"

"Kahawia, na kijani kidogo sana."

"Kwa nini kijani?"

"Ngozi yoyote ina kijani ndani yake, ukiitazama vizuri."

"Basi unaniuliza nini? Itazame vizuri."

Wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Mwalimu wa hesabu akanong'ona kwamba hiyo ndiyo elimu, si kumeza majibu. Na ajabu ya Mungu, walianza kujua. Walitazama, wakakosea, wakafuta, wakatazama tena. Isaka wa daktari wa meno alikuwa na meno yote thelathini na mawili, meupe kama ya mtangazaji wa dawa ya mswaki, lakini mto wake ulikuwa mto kweli, ungetamani kuulalia. Rebeka wa mwalimu wa hesabu alifanana na kabati, ila kabati lenye wasiwasi. Na picha ya Mama Poda, wiki baada ya wiki, ilikuwa inapumua. Isaka wake alikuwa kipofu kweli. Kinanda alipokuwa peke yake naye alijikuta anasogea pembeni, asije akamkanyaga.

Hii ndiyo, alijiambia. Hii ndiyo ya ukuta wa mzee.

*

Mambo yangeenda kama maji kwenye mfereji, kama si mwalimu wa hesabu.

"Mwalimu, samahani," alisema asubuhi moja. "Tangu tuanze hatujakuona umeshika brashi."

"Samaki mkubwa haogelei kwenye beseni, mzee wangu."

"Hata kidogo tu. Mkono huu wa Yakobo unanishinda. Tuonyeshe."

Macho yote yakamgeukia. Kinanda akakunja shati taratibu, akachovya brashi, akajiandaa kuigiza. Alipanga kupaka kidogo, akunje uso, aseme mwanga leo ni mbaya, aache. Akaweka tone la kahawia. Halafu akaona pembeni ya tone hilo panataka kitu cheupe kidogo. Akaweka. Basi hapo pakataka giza. Aliposhtuka, dobi wa chini alikuwa amezima pasi zake na wanafunzi walikuwa wamekwenda zao. Kinanda alikuwa hajasema neno muda wote huo. Jambo hilo halijawahi kumtokea tangu ajue kusema.

Kesho yake alikuja mapema kuliko wote. Keshokutwa akanunua turubai yake, na tukio la Kinanda kununua kitu lilistahili kuandikwa gazetini. Alianza picha yake mwenyewe, akaificha nyuma ya kabati. Kila asubuhi aliitoa na kupambana na ule mkono. Isaka alimmaliza kwa siku chache, Rebeka akambandika tu nyuma ya pazia, lakini mkono aliurudia na kuurudia, rangi ikajaa unene wa kidole. Na ulipokamilika alikaa mbele yake, akaona kwa hakika kabisa kwamba hakuna mkono mzuri kama ule uliopata kuchorwa na binadamu.

Ulifanana na kiazi kilichoota ukungu. Lakini mzazi haoni makengeza ya mwanawe.

Mama Poda aliugundua siku alipokuwa anatafuta ufagio.

"Hii ya nani, mwalimu?"

"Ya... kuna mwanafunzi mmoja anakuja jioni."

Mama Poda akaitazama, kichwa upande. "Macho ya huyu babu si mabaya. Ila mkono..."

"Mkono una nini?"

"Hauna mifupa."

"Hauna mifupa!" Sauti ya Kinanda ilipanda hadi dobi akatazama juu. "Labda mwanafunzi hakutaka mifupa! Labda ameiona mifupa, akaikataa!"

"Labda," alisema Mama Poda, akaendelea kufagia. Lakini alikuwa amemwona mtu mzima akitetemeka midomo kwa ajili ya mwanafunzi wa jioni, na si mtu wa kuona kitu akakiacha.

*

Wakati huo huo Kinanda alikuwa ameshakwenda kwa Mzee wa Mabati, amevaa koti la kuazima na uso wa siri.

"Mzee, mimi si mfanyabiashara. Ila nimesikia unatafuta kitu. Kuna bibi kizee mmoja alikuwa anawafulia nguo mapadri wa kanisa moja la zamani sana. Lilipobomolewa akaondoka na picha."

"Picha gani?"

"Ya babu kipofu na kijana mwenye ngozi ya mbuzi."

Mzee akaweka kikombe chini. "Imechorwa? Si karatasi?"

"Imechorwa. Lakini mzee, roho inaniuma. Bibi anaifunikia pipa la maji."

"Na hajui thamani yake?"

"Anasema ingekuwa pana zaidi ingefunika vizuri."

Mzee wa Mabati alisimama, akafunga mlango wa ofisi. Mtu mwema angesema: tumwambie bibi. Mzee akasema, "Usimwambie! Mpelekee kifuniko cha bati. Kipya, nitakitoa mimi." Akajipigapiga kifua kama mtu aliyetoa sadaka. "Na wewe nitakupa ile pikapu nyeupe iliyo uani. Leta picha Jumapili mchana. Nitaita watu."

Kinanda alitoka pale akinusa harufu ya viti vipya vya gari. Kilichobaki kilikuwa kuizeesha picha ya Mama Poda. Alichemsha chai ya rangi nzito kama lami, akaanza kuipaka pembeni ya turubai na kitambaa. Alipaka kona moja tu kwanza, aone itakavyokauka. Kwa wanafunzi alisema picha zote zibaki darasani hadi Jumapili, rangi zinahitaji utulivu.

Mama Poda alipofika alisimama mbele ya picha yake muda mrefu. Akainama, akanusa. Huyu mwanamke kazi yake ilikuwa kunusa, kupima na kuficha. Hakuna poda iliyowahi kumdanganya. Ile picha alikuwa ameichora jioni baada ya jioni badala ya kulia. Uso wa Isaka alikuwa ameutoa kwa marehemu mumewe, katika siku zake za mwisho macho yalipokuwa hayamwoni tena. Na sasa mtu alikuwa ameipikia chai.

Hakupiga kelele. Jumapili asubuhi alitokea na blanketi, karatasi za kung'aa na utepe.

"Nimesikia una mzigo wa kupeleka, mwalimu. Mikono yako haijui kufunga. Mimi zawadi za maharusi nimefunga hadi vidole vimeota sugu."

"Mungu akubariki, dada. Ile iliyo kwenye kiegemeo, pale dirishani. Ni... ya maonyesho."

"Nimeelewa. Nenda kanyoe ndevu, huwezi kwenda hivyo kwenye maonyesho."

Kinanda akaenda kunyoa.

*

Sebule ya Mzee wa Mabati ilikuwa imejaa. Mke wa mzee alikuwepo, mama mtulivu aliyekaa karibu na mlango. Jirani mwenye karatasi alikuwepo, kakunja nne kwa wivu. Na palikuwa na Mtaalamu. Huyu alikuwa shemeji wa jirani, dalali wa fanicha kuukuu, aliyevaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani, na kuheshimiwa kwa yote miwili. Funguo za pikapu zilikuwa mezani.

"Fungua, kijana," mzee aliamuru.

Utepe ukalegea, blanketi likadondoka. Na pale mbele ya watu, ukubwa wa meza, ukasimama mkono wa kiazi.

Kinanda aliitambua picha yake mwenyewe. Lakini ulimi, ambao miaka yote ulikuwa umemlisha, haukumtupa. Ulianza kazi kabla hajauomba.

"Mnashangaa," alisema kwa sauti ya chini. "Na mimi nilishangaa. Mnaijua ile ya makumbusho, laini, ya kupendeza, aliyoichora kwa amri ya matajiri. Hii aliichora kabla. Kwa ajili ya Mungu peke yake. Mtu anayemchorea Mungu hahangaiki na urembo."

Jirani akakunjua miguu. Mzee akamtazama Mtaalamu, na Mtaalamu, aliyekuwa hajui tofauti ya mafuta ya rangi na mafuta ya taa, akaona hapa akisema hapana ataulizwa kwa nini.

"Naam," akasema, akibadilisha miwani. "Ni yenyewe. Naona ukale. Naona uchungu wa roho."

"Uchungu hata mimi nauona," alisema mke wa mzee.

Mzee wa Mabati akacheka kwa furaha, akachukua funguo mezani, akamnyooshea Kinanda. Zilikuwa kwenye kiganja chake! Zilikuwa baridi, nzito, zake! Angegeuka tu wakati ule, hadithi hii ingeishia barabarani kwa vumbi na honi.

Lakini Mtaalamu, baada ya kukubali upesi namna ile, aliona amejishusha hadhi. Mtaalamu lazima akosoe.

"Isipokuwa huu mkono," alisema, akiugusa kwa kidole. "Huu haukuchorwa na bwana mkubwa. Huu ni wa mlevi fulani, kauongeza baadaye. Aibu tupu. Msihangaike, naufuta sasa hivi, tutatafuta fundi atuchoree mwingine." Akatoa kitambaa na kichupa mfukoni, akafungua kizibo, harufu ya tapentaini ikajaa sebuleni.

"Usiguse," alisema Kinanda.

"Kijana, najua kazi yangu."

"Nimesema usiguse! Huo ndio bora kuliko vyote humo! Huoni hiyo nuru kwenye kifundo? Huoni manyoya yanavyolala? Isaka ufute, Rebeka mfute, hilo pazia hata mimi silipendi, lakini huo mkono—" Akasimama kati ya kitambaa na turubai. "Huo mkono nimekesha nao. Rangi nimechanganya kwa vidole vyangu. Mlevi ni wewe!"

Sebule ile kubwa ikawa ndogo. Mtaalamu alirudisha kizibo polepole. Kwa mara ya kwanza maishani Kinanda alikuwa amesema ukweli mbele ya watu, na alishangaa jinsi unavyotoka wenyewe, kama chafya.

Jirani ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akashika kochi. Mzee wa Mabati alinyakua funguo zake, akaunguruma, "Polisi! Naita polisi!"

"Waite," mkewe alisema palepale alipokaa. "Uwaambie kama ulivyonisimulia mimi, kwamba ulikubaliana naye mumwibie bibi kizee picha kwa kifuniko cha pipa. Simu hiyo hapo, mume wangu."

Mzee akaitazama simu. Hakuigusa.

*

Kinanda alirudi kwa miguu, jua la alasiri linamchoma, picha kichwani kama karai la zege. Kwenye kona ya wauza viatu mmoja akamwita.

"Kaka, hiyo unauza? Nataka ya kuzibia dirisha. Taja bei!"

Midomo ya Kinanda ilifunguka kwa mazoea. Ndani yake palikuwa na wimbo tayari, wa mtu anayeuza urithi wa babu kwa machozi. Akajisikia akisema, "Haiuzwi," na kupita zake.

Darasani mlango ulikuwa wazi. Daktari wa meno na mwalimu wa hesabu walikuwa wamekaa na turubai mpya. Picha ya Mama Poda ilikuwa ukutani, kona yake imesafishwa, na chini kabisa, kwa rangi nyekundu, jina lake kamili. Mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya wote, kajifunga kitambaa kiunoni.

"Ulinifungia mzigo gani?" Kinanda aliuliza.

"Wako. Ulisema ile ya dirishani, nami wako niliuweka dirishani."

"Umenipiga changa la macho, dada!"

"Ndiyo masomo tuliyolipia, kaka."

"Toka basi kwenye chumba changu."

"Chako?" Mama Poda aliuliza bila ukali. "Mkataba una jina la nani?"

Mwalimu wa hesabu alikohoa. Daktari wa meno akajishughulisha na brashi. Kinanda alisimama mlangoni, mvuke wa pasi unampanda kutoka chini, akatafuta wimbo wa kumtoa pale. Aliutafuta kote. Macho yake yakaenda kwenye ile chapa mpya waliyokuwa wanainakili: Petro analia uani, na juu ya ukuta jogoo anawika.

"Ada ni kiasi gani?" akauliza.

Mama Poda akamtajia. Kinanda akatoa pesa mfukoni, akaweka mezani, hakuomba apunguziwe. Tangu azaliwe hajawahi kununua kitu kwa bei yake.

"Nianze na Petro?"

"Anza na jogoo. Binadamu utawafikia."

Akachora jogoo hadi dobi alipofunga. Mama Poda alipita nyuma yake, akasimama.

"Shingo hiyo ni ya bata."

Kinanda akafungua kinywa. Akakifunga. Akachukua kitambaa, akafuta, akaanza upya.